Ufunguo wa Maabara Anao Nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Bukoba, nina stashahada ya teknolojia ya habari na nimefanya kazi ya kutengeneza kompyuta kwa miaka mitatu. Nimekubaliwa na shirika moja kwenda kujitolea Uganda kwa miezi mitatu, kufundisha kompyuta vijana wa miaka 13 hadi 17 katika shule ya sekondari ya wilaya ya Isingiro. Shirika linataka nilipe dola 850 za ushiriki. Nimekusanya pia kompyuta mpakato 12 zilizotumika ili niiachie shule. Naomba unisaidie: je, nilipe fedha hiyo? Kompyuta nizivushe vipi mpakani? Kiswahili kitanitosha darasani? Na kwa miezi mitatu niwafundishe nini hasa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali manne, nami nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio uliouleta, kwa kuwa lipo swali la tano ambalo hukuliuliza na ndilo litakaloamua kama safari yako itakuwa na faida: ufunguo wa chumba cha kompyuta katika shule hiyo anao nani?

Sikutanii. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua maabara ya shule moja ya bweni magharibi mwa Uganda. Mkuu wa shule alimtuma mwanafunzi amwite mhasibu, mhasibu alikuwa benki mjini, nasi tukakaa chini ya mwembe karibu saa mbili nzima tukisubiri ufunguo. Mlango ulipofunguliwa tulikuta kompyuta ishirini za mezani zimefunikwa kwa vitambaa vya kitenge vilivyoshonwa kwa vipimo, kazi safi kabisa, na juu ya vitambaa hivyo vumbi na vinyesi vya mijusi. Ubaoni yalikuwa yangali maandishi ya chaki: somo la kumi na nane, kuhifadhi faili, na tarehe ya miezi saba nyuma. Aliyeyaandika alikuwa kijana wa kujitolea kutoka Ulaya, ambaye alifundisha kwa wiki kumi bila kukosa kipindi hata kimoja, na wanafunzi walikuwa bado wakimtaja kwa jina. Lakini katika wiki hizo zote kumi mwalimu wa kompyuta wa shule aliuona ujio wa mgeni kuwa likizo yake, na mgeni naye alifurahi kupewa vipindi vyote. Alipoondoka, ufunguo ukarudi kwenye droo ya mhasibu, kwa sababu mwalimu aliogopa kwamba mashine ikiharibika mikononi mwake atakatwa mshahara. Sikumlaumu mwalimu huyo, maana mimi mwenyewe ningeogopa vilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa msingi ni huu: usiende kufundisha vijana peke yako, nenda ukafundishe pamoja na mwalimu wao, na umhesabu yeye kuwa mwanafunzi wako wa kwanza. Vijana utakaowafundisha bila yeye watafurahi, watapiga picha nawe, na baada ya muhula mmoja watakuwa wamesahau nusu ya ulichowafundisha kwa kukosa mahali pa kukifanyia mazoezi. Mwalimu utakayemwacha akiwa hana tena hofu ya kufungua kasha la kompyuta kwa bisibisi atafundisha vidato vinne mwaka ujao, na vingine vinne mwaka unaofuata.

Ni vyema pia uelewe jinsi somo lenyewe lilivyokaa katika mtaala wa Uganda, kwa kuwa halikukaa kama mtu wa nje anavyodhani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, yaani kidato cha kwanza hadi cha nne, ulianza kutumika mwaka 2020, na ndani yake kompyuta ni somo la kuchagua, wakati Kiswahili kimewekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Katika kidato cha tano na cha sita mambo hugeuka: mwanafunzi anatakiwa achukue ama kompyuta ama hisabati kuwa somo dogo la nyongeza, na somo hilo hutahiniwa na baraza la mitihani la taifa, UNEB, kwa nadharia na kwa vitendo. Matokeo yake shuleni ni rahisi kuyatabiri. Kompyuta zilizo nzima huwekewa watahiniwa, na watoto wa miaka 13 hadi 17, ndio hao unaowaendea, huambiwa wasubiri zamu ambayo mara nyingi haifiki. Shule nyingi za serikali zilipata maabara zao kupitia mfuko wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa hiyo usishangae ukikuta shule ya kijijini ina mashine za kutosha lakini kidato cha pili hakijawahi kuzigusa. Ndiyo maana, kabla ya kukubali lolote, mwandikie mkuu wa shule moja kwa moja, umuulize ni vipindi vingapi kwa wiki kidato cha kwanza hadi cha nne huingia maabara, kompyuta zinazowaka leo ni ngapi, umeme unatoka wapi, na nani hufungua mlango jioni wakati wa masomo ya kujisomea. Nakala ya barua hiyo mpelekee mkuu wa taaluma, ambaye Uganda nzima humwita DOS, kwa kuwa ratiba iko mikononi mwake. Majibu yakija mafupi na yenye namba, shule hiyo ipo tayari. Yakija maneno ya kukukaribisha tu, na kukuomba ulete kamera ya video, jihadhari.

Sasa nije kwenye dola 850. Kulipa si kosa kwa yenyewe, maana mtu anayejitolea anakula, analala na anahitaji mtu wa kumpokea, na gharama hizo haifai ziiangukie shule ya kijijini. Kosa ni kulipa bila kujua fedha inakwenda wapi. Omba mchanganuo wa maandishi unaoonyesha kiasi gani ni chakula na malazi, kiasi gani kinabaki ofisini kwa shirika, na kiasi gani kinafika shuleni. Omba pia namba ya usajili na ya kibali cha shirika hilo, kwa sababu sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inayataka yawe na kibali ili yafanye kazi Uganda. Shirika likikwepa maswali hayo mawili, usilipe. Na kwa kuwa wewe unatoka Bukoba, wala si Berlin, ningekushauri ufikirie hata kulipita shirika hilo, ukubaliane na shule yenyewe: wao wakupe chumba katika nyumba za walimu na sahani ya posho na maharage, nawe ulipie sabuni yako na nauli yako. (Posho, kama hujasikia, ndiyo ugali. Mwanzoni utadhani wanakuahidi malipo ya siku.)

Kuhusu nyaraka, msafiri wa Tanzania anaingia Uganda kwa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Utaratibu wa kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa ambao huenda umewahi kuusikia ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, nao ulianza mwaka 2014 bila Tanzania. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na uchanjwe angalau siku kumi kabla ya safari. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hugongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita bila ada, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani muhuri huo unawaruhusu pia kufanya kazi. Kazi ya kujitolea nayo ni kazi machoni pa uhamiaji. Shule au shirika linalokualika liulize Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji mjini Kampala ni kibali kipi kinachokuhusu kwa miezi mitatu, likuombee, na likupe barua ya mwaliko yenye mhuri utakayoionyesha mpakani na kwa afisa elimu wa wilaya. Ikiwa shule hiyo ya Isingiro imo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ipo hatua moja zaidi: makazi hayo yanasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya wakimbizi, na huingii kufanya kazi humo bila idhini yao.

Kompyuta zako kumi na mbili ni zawadi nzuri, lakini mpakani Mutukula usifike nazo zimefungwa kwenye shuka ndani ya basi la asubuhi. Vifaa vilivyotumika vina masharti yake ya forodha, na masharti hayo hubadilika pamoja na bajeti. Mwombe mkuu wa shule aulize mamlaka ya mapato ya Uganda kabla hujazipakia, akupe barua inayosema ni msaada kwa shule, nawe andaa orodha yenye namba ya kila mashine, aina yake na thamani yake ya sasa. Orodha hiyo itakusaidia pia shuleni, kwa kuwa kitu kisichoandikwa katika daftari la mali ya shule hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakikawii kupotea.

Kabla ya hapo zichambue. Ikiwa mashine haimalizi kuwaka ndani ya dakika mbili, au chaja yake haipatikani madukani, iache Bukoba ikawe ya vipuri. Zilizobaki zinakuletea uamuzi mmoja mgumu. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Wapo watakaokuambia zote uziwekee Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na kiufundi wana haki: ni bure, ni nyepesi, na virusi vya flashi haviisumbui. Mimi siendi mbali hivyo. Mwalimu wa kompyuta anawaandaa watahiniwa kwa programu alizozizoea, na ukimwachia chumba kizima cha mfumo asioujua umemrudisha kwenye hofu ileile ya droo ya mhasibu. Weka Linux kwenye mashine sita dhaifu zaidi, uzitenge kwa vidato vya chini, nazo sita uziache na Windows halali bila kuziunganisha na intaneti wala kuzichomeka flashi ovyo. Usiweke nakala ya wizi kwa nia ya kusaidia, kwa maana nakala hizo mara nyingi huja na wadudu wake, na watakapoanza kula faili za mtihani hutakuwepo.

Jambo moja limo upande wako, nalo ni umeme. Soketi za Uganda ni zilezile za miguu mitatu ya bapa unazozijua nyumbani, na nguvu yake ni karibu ileile. Kompyuta mpakato hula takriban wati 40 hadi 60, wakati ile ya mezani na kioo chake huweza kupita 100, kwa hiyo mashine zako zote kumi na mbili zinaweza kuendeshwa na jenereta dogo au mtambo wa sola ambao usingetosha hata nusu ya maabara ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya somo, betri zako zitamalizia kipindi. Kwa hiyo pima betri moja baada ya nyingine kabla ya safari, na zilizokufa uzibadilishe, hata kama itakulazimu upeleke kompyuta tisa badala ya kumi na mbili.

Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani, ila si mahali unapodhani. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za kwenye kioo wafundishe kama zilivyoandikwa. Hata hivyo kumbuka kwamba shule za Uganda zilifungwa, zote au baadhi ya madarasa, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na vijana utakaowakuta walikuwa wadogo wa shule ya msingi wakati huo, ama walikuwa ndio kwanza wanaianza. Wengi wanazungumza Kiingereza vizuri lakini wanasoma polepole, na menyu ya kompyuta ni kitu cha kusomwa. Ukimwona kijana amekodolea macho kioo kwa muda mrefu, usifikiri hajui kompyuta. Huenda bado anasoma.

Isingiro ni nchi ya Runyankole. Kama unazungumza Kihaya, umeshafika: lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja, na baada ya wiki mbili utakuwa unafuatilia mazungumzo ya jikoni bila mkalimani. Ukisalimiwa "Agandi", jibu "Ni marungi", na utaona nyuso zikilegea. Kwa upande mwingine, karibu na Nakivale utakutana na watoto kutoka Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani au ya sokoni, na hao hukaa nyuma ya darasa wakiwa wakimya kwa sababu Runyankole hawaijui na Kiingereza wamekianza juzi. Sentensi mbili za Kiswahili kutoka kwako zitawasogeza mbele. Usishangae tu Kiswahili chao kikiwa na sura tofauti na chako, wala usikisahihishe mbele ya wenzao. Kuhusu watu wazima, ujue kwamba Kiswahili nchini Uganda kina historia mchanganyiko. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, wanajeshi wakakitumia vizuizini, na wapo wazee ambao bado wanaposikia Kiswahili kikali hukumbuka bunduki. Tangu mwaka 2005 kimetambuliwa na katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini maamuzi ya serikali hayabadilishi masikio ya watu kwa siku moja. Sema Kiswahili chako cha upole cha kwenu, wala usikitumie kuamrisha.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo zito. Wengi wanaokwenda kujitolea huanza na historia ya kompyuta, vizazi vyake na sehemu zake, kwa sababu ndivyo vitabu vinavyoanza, na wiki tatu huisha kabla mtoto hajagusa kibodi. Wengine hufanya kinyume, wakaruka moja kwa moja kwenye kuandika programu kwa sababu inapendeza kuripoti. Wewe anza kwa kuangalia mikono. Siku ya kwanza waambie kila mmoja aandike jina lake na jina la kijiji chao, kisha tembea nyuma yao bila kusema neno. Utamwona msichana anayebonyeza kitufe cha herufi kubwa cha kudumu, akaandika herufi moja, akakizima, akaendelea, na kila jina jipya akarudia vilevile, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo kitufe cha kushikilia kwa kidole kimoja huku kingine kinaandika. Utamwona mvulana anayefika ukingoni mwa meza na kipanya chake, akashindwa kuendelea, maana hajui kwamba kipanya kinaweza kuinuliwa na kurudishwa katikati bila mshale kuhama. Mambo haya hayamo katika mtaala wowote. Yasahihishe kwanza, kwa sababu mtoto anayehangaika na mkono wake hawezi kukusikiliza.

Kisha nenda kwenye faili, na hapo ukae. Ukae wiki mbili nzima kama ikihitajika. Vijana wa siku hizi, hata wa kijijini, wengi wamewahi kushika simu ya mzazi au ya kaka, na simu imewazoesha kwamba picha "ipo tu" ndani ya simu. Kompyuta inadai ujue ulikiweka wapi kitu. Kijana anahifadhi insha yake Jumanne, anarudi Alhamisi akakalishwa kwenye mashine nyingine, haioni, anaamini kwamba kompyuta imeifuta, na imani yake katika chombo hiki inakufa hapohapo. Mimi hutumia kabati la karatasi la ofisi ya shule: nawapeleka kwa karani, anawaonyesha jalada la kila mwanafunzi, droo ya kila kidato, nao wenyewe wanatafuta majalada yao. Wakirudi maabara, folda ndani ya folda haiwi fumbo tena. Wafundishe pia kulipa faili jina linaloeleweka, kwa maana mwisho wa muhula nimewahi kukuta faili thelathini na moja zenye jina lile la kwanza ambalo programu hulitoa yenyewe.

Baada ya faili, fundisha lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, na uitumie kwa vitu vyao. Isingiro ni wilaya ya matoke. Kila mwanafunzi aulize nyumbani mkungu mmoja uliuzwa shilingi ngapi wiki hiyo, alete bei, na darasa lijaze jedwali moja: kijiji, ukubwa wa mkungu, bei shambani. Watatafuta wastani, watapanga kutoka bei ndogo hadi kubwa, watachora chati, na atatokea mtu atakayeuliza kwa nini kijiji kilicho karibu na barabara ya lami kinauza ghali kuliko cha mbali. Hapo hufundishi kompyuta peke yake tena, na mwalimu wa jiografia atakuja kusimama mlangoni. Mwalike aingie.

Uandishi wa programu uache kwa mwezi wa tatu na kwa wale wanaotaka. Scratch, ambayo humfundisha mtoto kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya maagizo, inafanya kazi bila intaneti na inatosha kabisa kwa umri huo.

Kuhusu wingi wao, darasa la wanafunzi 80 si jambo la ajabu, na kwa mashine 12 hao ni karibu saba kwa kila moja. Usiwaache saba wazunguke kioo kimoja, kwani watatu wataona na wanne watapiga soga. Gawanya darasa nusu kwa nusu, nusu moja ibaki na mwalimu mwenzako ikifanya zoezi la karatasi, na katika kila mashine mmoja ashike kipanya, mwingine amwelekeze kwa mdomo bila kugusa, wa tatu aandike hatua zote daftarini. Kila dakika kumi wabadilishane. Yule wa daftari ndiye humsaidia mwalimu baadaye, kwa kuwa madaftari hayo hugeuka kuwa mwongozo wa shule ulioandikwa na watoto wenyewe. Na kanuni moja nakuomba uishike hata ukiwa na haraka: mkono wako usiguse kipanya cha mwanafunzi. Mwambie abonyeze wapi, ngoja, mwambie tena. Ukimfanyia, umejifundisha mwenyewe.

Intaneti usiitegemee. Vifurushi hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, Facebook imefungwa nchini tangu Januari mwaka huohuo, na wakati wa uchaguzi wa mwezi huo mtandao wote ulizimwa kwa siku kadhaa. Pakua kabla hujaondoka: Kolibri kwa masomo ya video na mazoezi, na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiingereza chepesi na ya Kiswahili. Zote mbili hukaa kwenye kompyuta moja, nyingine zikasoma kutoka kwake kwa waya au kwa kisambaza mawimbi kidogo kisichohitaji hata laini ya simu.

Kuhusu usalama wa watoto nitakuwa mfupi, kwa sababu hakuna la kujadili. Wote walio chini ya miaka 18 ni watoto kwa sheria ya Uganda. Usikae na mwanafunzi mmoja peke yenu maabara mlango ukiwa umefungwa, usiwape namba yako ya simu ya binafsi, na usimpige mtoto hata ukiona wengine wanafanya hivyo, kwani adhabu ya viboko shuleni imekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Picha zao usizirushe mtandaoni bila ridhaa ya mzazi au mlezi, maana sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inaidai ridhaa hiyo. Watoto wa Nakivale uwe mwangalifu nao maradufu, kwa kuwa katika familia zao wapo waliokimbia watu wanaoendelea kuwatafuta.

Limebaki pendekezo ambalo huenda shirika lako halitalipenda. Mwaka wa shule Uganda una mihula mitatu, wa kwanza ukianza karibu Februari, wa pili kati ya mwisho wa Mei na Juni, na wa tatu Septemba. Mtu anayetoka Ulaya hana budi kukaa miezi yake mitatu mfululizo kwa sababu ya bei ya tiketi. Wewe upo saa chache tu kutoka Mutukula. Igawe miezi hiyo: wiki nne za kwanza za kila muhula, mara tatu kwa mwaka. Mara ya kwanza utafundisha wewe na mwalimu akusaidie. Ukirudi nyumbani, mwachie kazi iliyoandikwa ya wiki nane na namba ya kukupigia kompyuta ikigoma. Mara ya pili afundishe yeye, wewe ukae nyuma ya darasa. Mara ya tatu, ukifika asubuhi, usiende ofisini kwanza. Pita maabara, ujaribu kitasa.